Mtoto aliyenyamaza kwenye foleni: nesi anaangalia nini?

Wiki iliyopita mdau mmoja aliacha swali kwenye maoni, tena kwa hasira. Anasema alimpeleka mdogo wake hospitali, wakafika saa moja asubuhi, wakakaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Saa tatu akaingia mama mmoja na mtoto mgongoni, hata hakukaa, nesi akamshika mkono akampitisha ndani. Mdau anauliza: ile ni rushwa au ni undugu?

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikaona hapana, hii inataka makala. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya watoto na dirisha la mapokezi kwa miaka mingi. Rushwa na undugu vipo, sitawadanganya. Ila mara nyingi ile unayoiona pale ni kitu kingine, na kosa letu manesi ni kwamba hatuwaelezi. Foleni ya watoto wagonjwa haitakiwi kufuata nani kafika mwanzo. Inatakiwa ifuate nani anaweza kufa mwanzo. Samahani kwa kulisema hivyo, lakini ndivyo lilivyo.

Chukulia hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, kule Malawi. Zamani watoto pale walikuwa wanaonwa kwa zamu kama kwetu. Timu ya daktari Elizabeth Molyneux ikabadilisha mpangilio: kila mtoto anayeingia mlangoni aangaliwe haraka na mtu aliyefundishwa, wale wa hatari wapelekwe moja kwa moja sehemu yenye dawa na oksijeni, wengine wasubiri. Kabla ya hapo walikuwa wanafariki watoto kati ya 10 na 18 katika kila 100 waliolazwa. Baadaye ikawa 6 mpaka 8. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 kwenye jarida la WHO. Mafunzo yenyewe yanajulikana kwa herufi ETAT, WHO walitoa kitabu chake mwaka 2005, na wenzetu Kenya wakayaongezea mambo ya wodini na ya watoto wachanga wakayaita ETAT+. Sababu inayofanya mpangilio tu uokoe watoto ni kwamba wengi wanaofia hospitali wanafariki ndani ya saa 24 za mwanzo. Saa mbili za benchi ni sehemu ya hizo 24.

Sasa nieleze nilivyojifunza mimi, maana sikujifunza kitabuni.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, hospitali moja ya wilaya, siitaji. Asubuhi hiyo benchi limejaa. Kuna mtoto wa miaka miwili hivi analia kama anachinjwa, sikio linamuuma, watu wote wanamtazama. Pembeni kuna bibi amempakata mjukuu ndani ya khanga, kimya kabisa. Nikamchukua wa sikio kwanza, kelele zilinichosha. Bibi nikampita nikamwambia, "Shikamoo bibi, mjukuu katulia eeh?" Akanijibu, "Marahaba mwanangu, kalala tangu alfajiri, sijui ndo homa inamwacha." Nikafurahi.

Zamu yake ilipofika nikafunua khanga. Miguu ya baridi, pua zinatanuka, kila pumzi inatoka na mguno mdogo. Viganja vyeupe kama karatasi. Hakuwa amelala yule, alikuwa anaondoka. Malaria, na damu ilikuwa gramu 3 wakati mtoto wa umri ule anatakiwa awe na kama 11. Tulihangaika na damu mpaka ikapatikana, lakini ilifika kabla hajafikiwa na adhuhuri akiwa ameshakata roho. Bibi hakunilaumu. Alikunja khanga yake akaniambia "Ahsante mwanangu", na hilo neno ninalo mpaka leo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza mjue: mtoto anayepiga kelele ana nguvu ya kupiga kelele. Hewa inaingia, ubongo unafanya kazi. Yule aliyenyamaza, asiyemshangaa mgeni, asiyekataa kuguswa, huyo ndiye wa kumkimbilia.

HAYA, NESI ANAANGALIA NINI

Ukiona nimesimama mbele ya mtoto wako sekunde kadhaa sisemi kitu, usidhani naringa. Naangalia kifua kabla sijamgusa, maana nikimgusa atalia na hesabu itaharibika. Natafuta mambo manne kwa mpangilio. Je, hewa inapita na anapumua vipi? Damu inazunguka? Ana fahamu, au ana degedege? Na kama anaharisha, amekauka maji? Mmoja tu kati ya hayo ukiwa umeharibika, foleni haimhusu tena.

Pumzi tunahesabu kwa dakika nzima, sio sekunde 15 halafu uzidishe kwa nne, maana watoto hawapumui sawasawa. Simu yako ina saa, unaweza kufanya hata nyumbani mtoto akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kuanzia miezi 2 mpaka asitimize mwaka, 50. Kuanzia mwaka 1 mpaka asitimize 5, ni 40. Akizidi hapo na ana kikohozi tunafikiria nimonia, ile wengi mnaiita kichomi. Lakini kikubwa kuliko hesabu ni kifua: mfunue shati, angalia chini ya mbavu. Akivuta hewa sehemu ile inatakiwa itoke nje, kama inabonyea ndani kila pumzi, amka uende. Usisubiri asubuhi.

Hospitali tuna kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Ikisoma chini ya 90 tunampa oksijeni. Na hapa niseme, kuna imani mtaani kwamba ukiwekewa oksijeni ndio basi, safari imefika. Nimeshaona baba anachomoa mrija puani kwa mtoto wake kwa mikono yake akisema tusimmalizie mwanae. Watu wanaona waliowekewa wakafa, hawaoni kwamba waliwekewa wakiwa wamechelewa. Oksijeni haimuui mtoto, jamani.

Damu: nashika mkono wa mtoto. Ukiwa wa moto, vizuri. Ukiwa wa baridi nabonyeza kucha kwa sekunde tatu, naachia, nahesabu rangi inarudi baada ya muda gani. Zaidi ya sekunde tatu ni taarifa mbaya, natafuta na mapigo kama ni dhaifu na ya haraka. Presha ya mtoto haishuki mapema kama ya mtu mzima. Mwili wake unajikaza, unajikaza, halafu unaachia kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana mtu anakwambia "alikuwa mzima tu saa ile". Hakuwa mzima, alikuwa anajikaza.

Fahamu napima kwa ngazi nne rahisi: yuko macho mwenyewe? Kama hapana, anaitikia sauti? Kama hapana, anaitikia maumivu? Au haitikii chochote? Kwa mtoto mdogo mwenye malaria kali kuna kipimo kingine kilichotengenezwa hapo hapo Blantyre mwishoni mwa miaka ya 1980. Kinatoa alama 0 mpaka 5 kwa kuangalia macho, mikono na kilio. Kilitengenezwa kwa sababu kile cha watu wazima cha Glasgow cha mwaka 1974 kinataka mgonjwa aongee, na mtoto wa miezi tisa atakwambia nini? Sukari lazima nipime hapo hapo, maana mtoto aliyepoteza fahamu mara nyingine ni njaa ya ubongo tu, na inatibika kwa dakika.

DEGEDEGE

Hii naiandikia sehemu yake kwa sababu ya mambo niliyoyaona Pwani. Wazee wetu wengi wanaamini degedege ni shetani anayekuja kwa umbo la ndege, na kwamba mtoto akichomwa sindano kwenye hali ile atakufa. Basi anapelekwa kwanza kufukizwa, akija kwetu jua limezama. Mimi sitaki kumtukana bibi wa mtu. Nawaambia hivi: hata kama mna yenu ya kufanya, leteni mtoto kwanza, hayo mengine yatasubiri.

Likimshika nyumbani, mlaze ubavu, toa vitu vinavyoweza kumuumiza, legeza nguo, angalia saa limeanza saa ngapi. Usimtie kijiko mdomoni, ulimi haumezwi. Usimnyweshe chochote, iwe dawa, maji au uji, ataviingiza kwenye mapafu. Usimmwagie ndoo ya maji ya baridi. Kisha safari. Hospitali tutampa dawa ya kulituliza, mara nyingi kwa njia ya haja kubwa kwa sababu mshipa wa mtoto anayetikisika haushikiki, tutapima sukari na malaria, na kama utosi au shingo vinatia shaka tutapima maji ya uti wa mgongo. Hicho kipimo cha mgongo wengi mnakikataa mkidhani kitamlemaza. Ni maji kidogo tu yanachukuliwa, chini kabisa ya pale uti wenyewe unapoishia.

"MBONA HAMUMWEKEI DRIPU?"

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote duniani. Kwetu dripu ndio ushahidi kwamba umetibiwa. Mtu asipotundikiwa chupa anaona kadharauliwa.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao FEAST, umefanyika hapa hapa kwetu, hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Wengine walipewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, kama vitabu vya Ulaya vilivyofundisha, wengine wakapewa taratibu. Kila mtu alitegemea wale wa maji mengi watapona zaidi. Ikawa kinyume: ndani ya saa 48 walifariki kama 11 katika kila 100 kwa waliopewa haraka, na 7 kwa wale wengine. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Miongozo ilibadilika baada ya hapo.

Kwa hiyo nesi akisita kumfungulia mtoto dripu mbio mbio, si ubahili. Mwenye utapiamlo ndio kabisa, moyo wake hauwezi kubeba yale maji. Anayeharisha mpaka akakauka ni habari nyingine, huyo hakuwemo kwenye utafiti ule na maji anayahitaji kweli. Namjua vipi? Namfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili naachia, ikirudi polepole zaidi ya sekunde mbili, macho yameingia ndani, amelegea, hawezi kunywa: mawili kati ya hayo yakiwepo ni dripu bila mjadala. Ambaye bado anakunywa kwa pupa, ORS inamtosha. Paketi moja kwenye lita moja ya maji safi, usiigawe nusu nusu kwa kukisia, mpe kwa kijiko au kikombe kila akiharisha, akitapika subiri dakika kumi uendelee pole pole. Na zinki siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumekata siku ya tatu, miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi sita. Titi linaendelea.

Kwa haraka haraka na mengine: utepe wa mkono ukisoma chini ya milimita 115 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, ni utapiamlo mkali, hata kama mashavu yamejaa. Bonyeza miguu yote miwili, kama shimo linabaki, hivyo hivyo. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe, na maziwa si dawa yake, mlete na ile chupa aliyonywea. Aliyeungua, maji ya bomba ya kawaida dakika 20, dawa ya meno iache kwa ajili ya meno.

Wodini nako usiku kazi haiishi kwenye dawa. Pumzi, joto, mapigo, maji yanayoingia na mkojo unaotoka, mrija wa kulishia uko tumboni au umehama, sukari tena, kugeuza asiyejitambua. Nesi mmoja na watoto wengi, hesabu mnaijua wenyewe. Mimi huwa nawafundisha akina mama wa vitanda vya jirani kuhesabu pumzi. Mama wa kitanda cha pili akija kuniamsha kwa jina saa tisa usiku siudhiki, wale ndio macho yangu.

SASA NYIE WENYEWE

Wengi mnaosoma hapa mna miaka 15, 17, 19. WHO wanaita miaka 10 mpaka 19 rika balehe, na niseme kweli, ndio wagonjwa tunaowahudumia vibaya kuliko wote. Ile chati tunayotumia vituoni kwa watoto inaishia miaka 5. Kijana wa miaka 14 akija hana kwake: wodi ya watoto vitanda vifupi na katuni ukutani, wodi ya wanaume analala pembeni ya mzee mwenye tezi dume. Na ukimuuliza anaumwa nini anajibu mama yake.

Kwa kijana kuna maswali yetu tofauti, kwa mpangilio kutoka mepesi kwenda magumu: nyumbani unakaa na nani, shule au kazi inaendaje, unakula, ukitoka unafanya nini na marafiki, pombe au bangi, mapenzi, usalama wako, na kama umewahi kuona bora usiwepo. Lakini kabla yake nasema, "Mama, naomba utupishe kidogo mimi na kijana." Mama wengine wananuna. Wanune tu. Nimeshapata binti wa kidato cha pili mwenye maumivu ya tumbo, mbele ya mama ni vidonda vya tumbo, mama alipotoka nje ni miezi miwili hajaona siku zake. Mimba iliyotunga nje ya mfuko ingempasukia huku tunampa dawa ya asidi.

Utakaloniambia linabaki kwangu na timu inayokutibu, isipokuwa kama unataka kujidhuru au kuna mtu anakudhuru, hapo nitakwambia kwanza kwamba lazima nimshirikishe mtu. Na kupima VVU, Tanzania sheria ilirekebishwa mwaka 2019, umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ukashuka kutoka 18 mpaka 15. Ukijibiwa vingine dirishani, taja hilo.

Wavulana, hili ni lenu. Korodani moja ikianza kuuma ghafla, kali, mara nyingi na kichefuchefu, hata kama ni usiku, hata kama hujapigwa na mpira, inawezekana imejisokota na damu haifiki. Una kama saa 6 za kuiokoa. Nimeona kijana aliyekaa nayo siku mbili kwa aibu, nesi wa kike alipomuuliza akasema tumbo. Alitoka na moja. Mimi ni mwanamke, nimeshaona za kila aina, niambie tu.

Na wenye selimundu. Kila mwaka Tanzania inakadiriwa wanazaliwa watoto kama 11,000 wenye ugonjwa huu, wengi wao siku hizi wanafika ujana, na kijana akija na maumivu mara ya nne kwa mwezi kuna wenzangu wanasema "huyu kazoea sindano". Naomba radhi kwa niaba yao. Maumivu hayapimwi kwa uso wa nesi, yanapimwa kwa mgonjwa. Kwa watoto wadogo kuna michoro ya nyuso sita, ya kwanza inacheka, ya sita inalia, walibuni nesi Donna Wong na mwenzake Connie Baker huko Oklahoma, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtoto anaonyesha kwa kidole uso ulio kama yeye. Kijana tunamwomba namba, 0 mpaka 10. Akisema 8 naandika 8, hata kama anachezea simu, maana wengine wamezoea kuumwa huku wanachezea simu. Akiwa na homa, au kifua kinauma na pumzi ni fupi, huyo anaruka foleni kama mtoto wa miezi miwili.

UKIFIKA DIRISHANI

Usiseme "anaumwa homa". Wote pale wana homa. Sema kile kitu: hanyonyi tangu jana jioni, anatapika kila anachopewa, amepata degedege saa kumi, haamki vizuri, hajakojoa tangu asubuhi, ana mwezi mmoja na nusu. Moja tu kati ya hayo nesi aliyefundishwa atainua kichwa. Asipoinua, rudia kwa sauti, na mwambie mwenzako benchi asimame na wewe. Na hali ikibadilika mkiwa kwenye foleni, usione haya kurudi dirishani, mimi nilimwangalia saa moja na sasa ni saa tatu, sio mtoto yule yule.

Mdau wangu wa wiki iliyopita, mdogo wako alikaa saa mbili na sasa umesema yuko fiti anacheza mpira. Yule wa mgongoni sijui alikuwa na nini, sikuwepo. Ila kama mama yake alipitishwa bila kukaa na nesi hakuuliza hata kadi, nadhani najua miguu yake ilikuwaje.

Maswali ya chanjo nimeyaona, nitayajibu siku nyingine. Uwanja wa maoni uko hapo chini. Kama ni mtoto anayeumwa sasa hivi usiniandikie, lipa dakika zako za kafe uondoke.